Duka la dawa za mifugo Kilombero: wanauliza kwanza, wanauza baadaye

Ukitoka soko la Kilombero hapa Arusha kwa upande wa mitumba, ukaifuata njia ya nyuma yenye mafundi cherehani na mashine za kusaga, utakuta duka dogo la mlango wa kijani. Ukutani kachorwa ng'ombe wa maziwa ambaye rangi yake imeshaanza kubanduka. Bango hakuna. Mwenye duka ni mama wa makamo ambaye wateja wote tunamwita Mama Daktari, na kaniomba nisiweke jina la biashara yake, kwa hiyo silitaji. Ulizia pale kwa mafundi, utaoneshwa. Naliwekea nyota nne kati ya tano.

Nyota hizo zina sababu moja kubwa na nitaieleza kwa urefu, maana wafugaji wenzangu wengi hawaijui. Hapa dawa ya maumivu ya mifugo inayoua tumbusu, ndege wanaokula mizoga, haikai kwenye shelfu, na anayekuja kutafuta sumu ya fisi anarudi bila sumu.

Hao ndege nawafahamu. Kabla ya kuhamia kwenye ufugaji hapa Kisongo niliendesha watalii mbuga za kaskazini sehemu kubwa ya maisha yangu. Enzi hizo gari nyingi hazikuwa na redio ya maana, na waliokuwa wanatuambia simba wameua wapi ni tumbusu, wale ndege wa mizoga ambao wengi wetu tunawaita tai tu. Asubuhi mapema hawaruki. Wanasubiri jua lichemshe ardhi na hewa ya moto ianze kupanda, ndipo wanatanda mbawa na kupanda nayo taratibu. Ukiona kadhaa wamekunja mbawa wanateremka kwa kasi upande mmoja, unageuza gari. Wale wa kundi kubwa hawanusi mzoga kama watu wanavyodhani. Wanaona kwa macho, na kila mmoja anamchunga mwenzake angani, hivyo akishuka mmoja anamvuta wa mbali, na wa mbali anamvuta wa mbali zaidi.

Mwezi wa pili nyumbu wanapozaa kule Ndutu, mzoga haukosi. Mara nyingi wanaotangulia kujaa ni tumbusu mgongo mweupe, wakisukumana na kukwaruzana kwa sauti mbaya, shingo zao zina manyoya haba kiasi kwamba kichwa chote kinaingia ndani ya tumbo la mnyama na kutoka bila kubeba uchafu mwingi. Lakini ngozi ikiwa bado nzima hawaiwezi. Wanadonoa macho, wanadonoa nyuma, wanazunguka. Kisha anatua yule mkubwa kuliko wote, kichwa chekundu cha ngozi iliyokunjamana, mbawa zake zikitandazwa zinafika hadi mita 2.8. Anakuja kwa kurukaruka, kichwa chini, mgongo juu, na wengine wanampisha. Huyo ndiye anayeichana ngozi. Pembeni kabisa wanasimama wadogo wenye kofia ya manyoya, wanaokota vipande wanavyodondosha wakubwa. Nyumbu mzima anabaki mifupa ukiwa bado hujamaliza chai ya kwenye chupa. Mtafiti David Houston, aliyewachunguza Serengeti miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, alionesha kwamba ndege hawa wanakula nyama nyingi kuliko simba, fisi na walanyama wengine wote wa pale kwa pamoja. Abiria wangu walikuja kwa ajili ya simba, na nilikuwa nawaambia jambo hilo kila nilipopata nafasi.

Tumbusu hao wamepungua, na wamepungua vibaya. Masai Mara, ng'ambo tu ya mpaka, hesabu za mwanzo wa miaka ya 2000 zilipowekwa kando ya zile za miaka ya 1970 na 1980, aina kadhaa zilionekana zimeshuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Darcy Ogada wakakusanya takwimu za Afrika nzima kwa muda wa vizazi vitatu vya ndege hawa, kama miaka 50 hivi. Tumbusu wa Rüppell, anayetaga kwenye magenge ya milima ya Gol kati ya Serengeti na Natron, ameshuka kwa asilimia 97. Tumbusu kichwa cheupe asilimia 96. Mgongo mweupe, yule tuliyemzoea mpaka tukamdharau, asilimia 90. Mwenye kofia 83, na yule mkubwa anayechana ngozi 80. Oktoba mwaka huohuo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likawaweka wanne kati yao kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na yule anayechana ngozi akapandishwa kuwa aliye hatarini.

Na eneo lao limenywea. Kichwa cheupe sasa ni ndege wa ndani ya hifadhi, huku nje kwenye mashamba na malisho ya watu ni nadra mno kumwona. Tumbusu wa Misri, yule mweupe mwenye uso wa njano, ndiye ambaye Jane Goodall na mumewe Hugo van Lawick walimwona hukuhuku kaskazini mwa Tanzania akibeba jiwe kwa mdomo na kulirusha juu ya yai la mbuni mpaka likapasuka. Habari hiyo waliiandika mwaka 1966 na ikasomwa dunia nzima. Leo nikiwauliza madereva vijana kama wamemwona, wengi wananiuliza ndege gani huyo. Hata huku uraiani nimeyaona mabadiliko kwa macho yangu: zamani ng'ombe akifa Meserani au upande wa Monduli, mzoga haukulala. Sasa unakaa mpaka unavimba, na wanaokuja ni mbwa.

Hilo la mbwa limepimwa. Laikipia, Kenya, waliweka mizoga ya mbuzi, mingine tumbusu wakaifikia na mingine wasiifikie. Ile isiyofikiwa ilichukua karibu mara tatu ya muda kuisha, na wanyama wengine waliokutana hapo kwenye mzoga wakaongezeka mara tatu pia. Sisi wa Monduli, Longido na Ngorongoro tunaoishi na kimeta tuelewe maana ya mzoga kukaa na kuguswa na kila mpita njia. Tumbo la tumbusu lina asidi kali ajabu, inaua vijidudu ambavyo mbwa anaondoka navyo mdomoni kwenda nyumbani kwa watu.

Sasa nirudi dukani, maana huko ndiko habari inakoingia.

Ng'ombe wangu mmoja alipata ugonjwa wa kiwele. Robo moja ilikuwa ngumu, ya moto, hataki kuguswa. Nikaingia kwa Mama Daktari kutafuta antibiotiki na sindano ya maumivu. Kijana wa kaunta akaniamkia, kisha akaanza maswali: "Mzee, ng'ombe ana kilo ngapi? Anakamuliwa au amekaushwa? Na akitokea kufa, mzoga unaupeleka wapi?" Mawili ya kwanza muuzaji mzuri yeyote atakuuliza. La tatu sijaulizwa duka lolote jingine Arusha. Nikamwambia huko kwetu wengi tunauburuta korongoni. Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akachukua kichupa cha meloksikamu, dawa ya maumivu, na kukiweka mbele yangu. "Basi nakupa hii. Hii ndege akila hadhuriki."

Nikamuuliza kwa nini asinipe diklofenaki, ileile tunayoitumia sisi tukiumwa mgongo, maana nasikia wapo wanaonunua vichupa vya binadamu famasi wakawachoma ng'ombe. Hapo Mama Daktari mwenyewe akatoka nyuma kwenye friji ya chanjo, akaja kuegemea kaunta, akanisimulia habari ya India, na wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakasogea kusikiliza.

Kule India ng'ombe wakifa hawaliwi na watu wengi, mizoga ilikuwa ya tumbusu, na tumbusu walikuwepo mamilioni. Miaka ya 1990 wakaanza kudondoka. Walionekana wamekaa mtini shingo zimelegea, baadaye wako chini. Kati ya mwaka 1992 na 2007 aina moja, tumbusu mgongo mweupe wa huko Asia, ilipungua kwa asilimia 99.9. Kwa muda mrefu walidhani ni ugonjwa. Mwaka 2004 ndipo ikathibitika ni diklofenaki ya mifugo: figo za ndege zinakufa, na akipasuliwa viungo vyake vya ndani vimepakwa unga mweupe, ndiyo asidi ya mkojo iliyoshindwa kutoka. Hesabu zikaonesha haikuhitajika mizoga mingi. Hata pungufu ya mzoga 1 wenye dawa katika kila 100 ilitosha kuwamaliza, kwa sababu mzoga mmoja wanaula wengi. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zikapiga marufuku diklofenaki kwa mifugo, na mwaka huohuo ikaoneshwa kwamba meloksikamu inafanya kazi ileile bila kuwadhuru. Walipokwisha tumbusu, mbwa wa mitaani walizidi na maji yakachafuka. Utafiti wa wachumi uliotoka mwaka 2024 ulikadiria zaidi ya watu 500,000 walikufa kwa sababu hiyo kati ya mwaka 2000 na 2005.

Mteja mmoja akasema hiyo ni India. Mama Daktari akamjibu kwa upole, "Baba, mwaka 2007 dawa hiyo ya mifugo ilikutwa inauzwa hapahapa Tanzania." Ni kweli, limeandikwa kwenye taarifa za kimataifa za ndege hawa. Kwa bahati njema Afrika bado haijaonekana vifo vya halaiki kama vile vya India kutokana nayo, lakini mimi siioni sababu ya kungoja vionekane wakati mbadala upo kaunta.

Kijana akachukua kalamu akaandika juu ya boksi kwa herufi kubwa: KILO 400, MIL 10, MARA MOJA. Chini yake: MAZIWA SIKU 5, NYAMA SIKU 15. Yaani siku hizo baada ya sindano maziwa na nyama yake visitumiwe. Akanisomea mara mbili. Nilifanya kama alivyoandika, nikamaliza na antibiotiki, na ng'ombe yule anakamuliwa mpaka leo. Meloksikamu yao ni ghali, nilitoa Sh 28,000, na sindano za maumivu za bei ya chini zipo madukani. Nitarudi kuilipia.

Jambo la pili ni sumu, na hili kwetu Afrika ndilo kubwa zaidi. Katika vifo vya tumbusu vilivyorekodiwa barani, utafiti uleule wa Ogada ulikuta asilimia 61 ni sumu, 29 ni viungo vyao kuuzwa kwa ajili ya uganga, na 9 ni nyaya za umeme na nguzo. Sumu yenyewe mara nyingi haikuwalenga wao. Mfugaji kaliwa mbuzi, anapaka kiuatilifu cha shambani kwenye mabaki ili fisi au simba akirudi afe. Wanaofika kabla ya fisi ni tumbusu, na hawaji mmoja. Majangili nao wanawalenga kabisa, maana tumbusu wakizunguka juu ya tembo aliyeuawa askari wanajua pa kwenda. Juni 2019 kaskazini mwa Botswana walikutwa tumbusu 537 wamekufa kwenye mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Ndege hawa wanataga yai moja kwa msimu na kinda anahitaji kama miaka mitano kupevuka. Pigeni hesabu wenyewe itachukua muda gani kurudisha 537.

Nilikuwa dukani siku alipoingia mzee mmoja wa Kimasai, rubega nyekundu, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Akaweka fimbo kwenye kaunta akasema, "Yeyo, nipe ile dawa ya fisi." Mama Daktari hakumfokea. Akamkaribisha kiti, akamuuliza mbuzi wangapi wameliwa, usiku gani, boma la miiba limezungushiwa lini. Mzee akaeleza yote kwa uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa haki, mbuzi ni ada ya mtoto wa shule. Ndipo akamwambia, "Mzee wangu, hiyo hatuuzi. Ukiweka, fisi mmoja huenda ukampata, na mbwa wako utampata, na ndege wote wa bonde hilo utawapata. Na mtoto akiokota mfupa je?" Akamweleza habari ya kifuta jasho cha serikali kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori, kwamba aripoti mapema kijijini kabla mabaki hayajapotea, afisa wanyamapori aje aone. Akamweleza pia boma hai linalotumika kule Simanjiro, miti inayochipua kama nguzo na wavu wa chuma kati yake, ambalo simba na fisi hawapenyi kirahisi.

Mzee alisikiliza akiangalia chini. Hakuonekana kuridhika, akasema kifuta jasho kinachelewa na wavu ni fedha. Yote mawili ni kweli na Mama Daktari hakumbishia. Akanunua dawa ya kuogeshea kupe, akachukua namba ya simu ya afisa aliyoandikiwa kwenye kipande cha boksi, akaondoka. Alichofanya baadaye sikijui, lakini sumu hakuipata pale.

Nalisema hili kwa sababu nimeingia maduka mengine mjini, siyataji, ambako kiuatilifu cha chembechembe kinapimwa kwa kijiko, kinafungwa kwenye gazeti, hakina lebo, hakina swali. Mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, makao yake ni hapahapa Ngaramtoni. Tuna wasimamizi jirani kabisa na bado kijiko kinapita. Kwa Mama Daktari kila kiuatilifu kiko kwenye kifungashio chake cha kiwandani, kwenye kabati lenye kufuli, kando na dawa za kutibu, na anayenunua anasema zao gani na mdudu gani.

Mengineyo kwa haraka. Friji ya chanjo ina kipimajoto na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni, nililiona, linajazwa kweli. Tarehe za kuisha wanakuonesha kabla hujalipa. Risiti ya EFD unapewa bila kuomba. Dawa za minyoo na chumvi jiwe bei ni ya kawaida ya mjini. Wanaongea Kimaa na Kiswahili, na hilo linasaidia wazee wanaotoka mbali.

Nyota moja nimeipunguza kwa haya. Siku ya mnada foleni inatoka mpaka barabarani kwa sababu wanauliza kila mtu maswali na wahudumu ni wawili tu, niliwahi kusimama mpaka jua likanichoma kisogo. Hakuna karatasi yoyote ya kuondoka nayo. Maelezo yote ni ya mdomo na ya kalamu kwenye boksi, na ninyi mnajua boksi likifika nyumbani linavyokuwa la kuwashia moto. Mama Daktari achapishe ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Kimaa upande ule, wenye dawa za maumivu zilizo salama kwa ndege, ambazo si salama, na jinsi ya kushughulikia mzoga wa mnyama aliyetibiwa karibuni. Ketoprofeni, dawa nyingine ya maumivu, nayo iwemo kwenye orodha ya hatari, maana Bangladesh waliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2021 kwa sababu hiihii na hapa sikusikia ikitajwa. Vichupa vitupu pia hawavipokei, nilimuuliza kijana akasema hawana pa kuvipeleka.

Wanafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumamosi mwisho saa nane, Jumapili wamefunga. Malipo ya simu wanapokea. Maegesho hakuna, acha gari au pikipiki upande wa soko utembee. Nenda ukijua uzito wa mnyama wako, au angalau umepima kifua chake kwa kamba uje na kamba hiyo, watakukadiria. Na wakikuuliza mzoga unautupa wapi, waambie ukweli, ndipo watakupa dawa sahihi.